Kununua bunduki kuukuu ya roling bloki ukiwa Arusha au Moshi: mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Nianze na kosa langu mwenyewe ili msidhani naongea vya kusikia. Kuna mzee mmoja upande wa Usa River, mstaafu, aliachiwa bunduki fupi na mwajiri wake wa zamani, mzungu mwenye shamba la kahawa. Leseni iko kwa jina la mzee, kila mwaka analipia, hana longolongo. Nikaenda kuiangalia. Akaitoa kwenye kabati la chuma imefungwa kwenye shuka la kimasai, nikavuta nyundo nyuma ikalia klak-klak, nikakizungusha kile kichuma cha nyuma kwa dole gumba, nikachungulia ndani, basi, nimeshapenda. Tukakubaliana bei, nikaanza kuzunguka na makaratasi, miezi minne hiyo. Kwenye kitabu cha leseni upande wa kaliba imeandikwa "11 mm" na mimi kwa akili yangu nikajua ni saizi tu kama saizi ya kiatu, dukani zipo. Siku naenda duka la silaha kuulizia risasi jamaa kaangalia karatasi, kaniangalia, akasema, "Kaka, hii ya milimita kumi na moja ni ya enzi za babu yake babu yako, mimi sijawahi kuileta." Nikarudi kwa mzee na aibu yangu. Hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, mimi nilidhani unajua."

Kwa hiyo mpangilio wangu tangu siku ile ni huu: karatasi kwanza, risasi pili, chuma mwisho. Watu wengi tunaanza na chuma kwa sababu chuma ndo kitamu kushika.

Roling bloki ni mdudu gani

Ni bunduki ya risasi moja moja. Haina magazini, haina komeo la kusukuma mbele na nyuma. Nyuma ya mtutu kuna kichuma kinene, ndo hiyo bloki, kimekaa kwenye pini nene na kinajizungusha kurudi nyuma ukikivuta na kidole. Nyuma yake tena kuna nyundo, nayo ina pini yake. Unavuta nyundo nyuma mpaka mwisho, unazungusha bloki, ganda la zamani linatoka, unaweka risasi mpya, unarudisha bloki, unapiga. Ujanja wake uko hapa: ukivuta triga, nyundo ikianguka, kifua chake kinaingia chini na nyuma ya bloki na kuikingamia, kwa hiyo risasi inapolipuka bloki haina pa kwenda. Chukulia geti la zizi ambalo ukishalifunga unalikingamia na gogo, ng'ombe asukume mpaka achoke. Gogo ndo nyundo.

Kampuni iliyoifanya ijulikane ni Remington ya Ilion, New York, miaka ya 1860, kwa kazi ya Leonard Geiger na Joseph Rider. Ilitengenezwa zaidi ya milioni moja. Denmark, Sweden na Norway zote ziliichukua mwaka 1867, Hispania ikaichukua, Argentina, Mexico, na Misri ya Khedive Ismail ikaagiza nyingi. Za Misri ndo zilizoingia upande wetu wa Afrika, maana mwaka 1875 pale Gundet na mwaka 1876 pale Gura Wahabeshi waliwapiga Wamisri na kubaki na bunduki zao, tangu hapo Remington ikawa jina la heshima kule juu.

Huku kwetu wauzaji wanaita kila bunduki kuukuu ya risasi moja "Remington" au "ya Mjerumani". Usibishane nao, angalia tu. Kama ina komeo la kugeuza kama kitasa, hiyo ni Mauser ya 1871 au ndugu zake, na hiyo kweli ni ya Mjerumani, ndo waliyokuwa nayo askari wengi wa Schutztruppe (jeshi la koloni la Mjerumani) vita vilipoanza 1914, inatoa moshi mweupe mtu akipiga tu adui kajua alipo. Kama ina wenzo chini ya mkono unaoushusha, hiyo ni Martini. Kama kifuniko kinafunguka kwa pembeni kama cha sanduku, hiyo ni Snider. Roling bloki ina nyundo kubwa na bloki mbele yake, zote ziko juu katikati, zinafanana kama vidole gumba viwili vimefuatana.

Karatasi, na hapa usifanye ujanja

Kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndo inayotawala. Kuna machalii wanaangalia video za Marekani halafu wanakwambia bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 haihitaji leseni. Hiyo ni sheria ya kwao huko. Hapa hata gobole la babu kijijini linatakiwa kuwa na leseni, sasa wewe na Remington yako utapitia wapi?

Ombi linaanzia chini. Unaanza na serikali ya mtaa au kijiji wanaokujua, wanaojua kama wewe ni mtu wa ugomvi au mlevi, inapanda kata, inafika polisi wilaya kwa OCD, kamati ya usalama inakaa, inaenda mkoani. Nenda mwenyewe, uwe na kitambulisho cha NIDA, uwe na sababu inayoeleweka (ulinzi wa mifugo, uwindaji halali, shabaha), na uwe tayari kuonyesha utaitunza wapi, maana kabati la chuma lililofungwa ukutani si la hiari. Malipo yanapita kwenye kontroo namba. Mtu akikwambia "nipe mimi nikusaidie iende haraka", mshukuru uondoke.

Kwa upande wa muuzaji omba kuona kitabu chake cha leseni kabla hujaomba kuona bunduki, na ukifungue mwenyewe. Angalia vitu vinne: jina ni la nani, leseni imehuishwa mpaka lini, namba ya silaha, na kaliba. Halafu bunduki ikitoka linganisha namba, herufi kwa herufi. Kwenye roling bloki namba mara nyingi haiko mahali pa wazi, imechongwa kwenye ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mbao nyuma ya triga, wa juu au wa chini, na nyingine namba iko upande uliofunikwa na kitako kwa hiyo lazima skrubu ifunguliwe. Afungue fundi mwenye ruhusa au polisi wenyewe, sio wewe na bisibisi ya redio. Namba ikiwa imesuguliwa na tupa, au kuna namba mpya imepigwa juu ya kovu, hapo biashara imeisha, aga vizuri uende.

Kesi inayojirudia sana huku Kilimanjaro ni ya mirathi. Mzee kafariki, bunduki iko uvunguni, watoto wako Dar, mjane anataka kuiondoa ndani. Shikamoo bibi, pole kwa msiba, ila bibi hawezi kukuuzia. Leseni ilikuwa ya marehemu, haikurithiwa pamoja na migomba. Silaha inatakiwa ikabidhiwe polisi, msimamizi wa mirathi afuate taratibu, na kama itauzwa iuzwe kupitia huko. Mweleze bibi taratibu, usimtishe, na kama leseni ilikufa miaka kumi iliyopita mwambie serikali ina kawaida ya kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Wewe usiibebe hata kwa hatua mbili kwenda kwenye gari "kuipeleka kituoni kwa niaba yake". Aite polisi waje.

Na mkishakubaliana, bunduki haihami mkono kwa mkono. Inabaki kwa mwenye leseni, au polisi, au kwa duka lenye kibali, mpaka karatasi yako itoke na jina lako. Hela nayo nashauri itolewe kidogo mwanzoni, kwa maandishi, iliyobaki siku ya makabidhiano. Mimi kwa yule mzee nilitoa advansi bila maandishi na bahati yangu alikuwa mtu mwema, akanirudishia yote akabakiza ya soda.

Inakula nini

Hili ndo swali. Lisipojibika usiendelee na hatua nyingine yoyote.

Roling bloki ziliundwa kwa kaliba nyingi mno kwa sababu kila nchi iliagiza ya kwake. Kuna .43 Spanish, hiyo ndo milimita 11 na ushee iliyoniumbua mimi. Kuna .43 Egyptian, inafanana jina lakini ni risasi nyingine kabisa, usichanganye. Kuna ya Sweden na Norway ya milimita 12.17. Kuna ya Denmark ya 11.7. Kuna .50-70 ya Marekani. Hizi zote kwa mtu wa Arusha ni pambo la ukutani, risasi zake hazipo madukani. Na msiniambie habari za kujitengenezea risasi nyumbani. Kule kwa wenzetu mtu ananunua baruti, fataki (kile kidude cha kwenye kitako cha risasi kinacholipuka kikigongwa) na maganda, anashindilia mwenyewe gereji, ni hobi. Kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, usijaribu.

Zinazowezekana ni chache. Ya kwanza ni 7x57, ile ya Mauser, wawindaji wanaijua na bado inatengenezwa mpaka leo. Remington walitoa roling bloki ya 7 mm mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, Mexico na nchi za Amerika ya Kusini zilinunua nyingi. Tamu, ila ina ugonjwa wake unaojulikana: chemba nyingi (lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) zilikatwa kwa vipimo vilivyolegea kuliko risasi ya leo, kwa hiyo ganda linavutika na linaweza kukatika karibu na kitako, gesi inarudi usoni. Hii usinunue bila fundi mwenye geji ya kupimia hedspesi, yaani nafasi risasi inayoachiwa kati ya chemba na uso wa bloki. Nimesema geji, usikubali kipimo cha jicho.

Ya pili ni .45-70. Ipo kwenye roling bloki mpya zinazotengenezwa Italia na kampuni za Pedersoli na Uberti. Ukipata ya Pedersoli iliyotumika kidogo, ina karatasi, mimi ningeichukua kabla ya Remington ya kweli ya mwaka 1870, na najua kuna wapenzi wa vitu vya kale watanitukana hapo. Tatizo la .45-70 ni kwamba siku hizi zinauzwa za nguvu ya kawaida na za nguvu kubwa zilizotengenezwa kwa bunduki za kisasa zenye chuma kigumu, na boksi kwa mbali zinafanana. Soma maandishi ya pembeni. Ile ya nguvu kubwa ukiiweka kwenye chuma cha karne ya 19 umejitegea bomu.

Ya tatu ni .22 ya kawaida kwenye Remington namba 4, bunduki ndogo nyepesi iliyotengenezwa kuanzia 1890 mpaka 1933. Kwa mtu anayetaka kulenga kopo na kufurahia mtambo huu bila kuumwa bega hii ndo dawa yake. Ila ichungulie mdomo wa chemba kwa makini kwa sababu hizi zilichezewa na watoto vizazi vitatu, na usilishe zile .22 za kasi kubwa. Hakikisha pia kwamba ni .22 kweli, namba 4 ilitoka pia kwa .25 na .32 ambazo leo hupati.

Ipo pia .44-40 kwenye karabini (bunduki fupi) ndogo, nzuri, ni chache, ukiiona nishtue.

Jinsi ya kujua umri bila kubahatisha: soma maandishi kwenye ulimi wa juu, nyuma ya nyundo. Kama imeandikwa E. Remington & Sons, Ilion, pamoja na tarehe za hataza za 1864 na 1866, hiyo ni ya kabla ya 1888, kampuni ilibadilisha mikono mwaka huo ikawa Remington Arms. Hizo za zamani chuma chake ni cha baruti nyeusi (baruti ya kizamani yenye msukumo mdogo), hata kama mtu alikuja kuitoboa chemba mpya baadaye akakwambia "nimeifanya 7 mm". Kaliba iliyobadilishwa na fundi asiyejulikana siigusi.

Sasa chuma

Nenda mchana, nenda na tochi ndogo kali, kitambaa cheupe cha pamba, mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, kioo cha kukuzia, na uzi mnene wa kuvuta kitambaa ndani ya mtutu. Muuzaji ndo aishike kwanza, avute nyundo, afungue bloki, akuonyeshe chemba ni tupu. Ingiza kidole kidogo uhakikishe mwenyewe. Ukishahakikisha, bado usiilekeze kwa mtu.

Cha kwanza, nyundo ikiwa chini kabisa na bloki imefungwa, jaribu kuvuta bloki nyuma kwa dole gumba kwa nguvu. Isicheze. Isitikisike hata nywele. Hapo ndo gogo liko kwenye geti, na kama geti linacheza wakati gogo limeegemea, basi pini zimelika au matundu yake yamekuwa ya yai badala ya duara. Angalia upande wa kushoto wa mwili wa bunduki utaona vichwa viwili vya pini na kibati kidogo kinachovishika kwa skrubu moja. Hiyo skrubu iwepo. Niliwahi kuona moja Moshi skrubu hiyo imepotea na mwenye mali kaweka kipande cha waya wa umeme, pini ya bloki imetoka nje kama ulimi wa mbwa na yeye hana habari.

Halafu vuta nyundo mpaka mwisho, acha bloki imefungwa. Sasa hivi bloki inashikwa na kiwenzo kidogo chenye springi kwa hiyo iwe na ukinzani kidogo ukiivuta, isifunguke yenyewe kwa kutikisa bunduki. Ikianguka wazi kama mdomo wa mlevi springi imechoka.

Ifungue bloki, iache wazi, vuta triga. Nyundo isianguke. Huo ni usalama wa kuzaliwa wa mtambo huu, ukiona inaanguka mtu kachezea ndani. Ifunge tena, nyundo iko nyuma, weka dole gumba nyuma ya nyundo uisukume mbele kwa nguvu ya wastani bila kugusa triga. Ikiteleza ikaanguka, meno ya ndani yamelika au fundi aliyapiga tupa ili triga iwe laini. Triga za jeshi ni nzito, ndivyo zilivyo, triga laini sana kwenye bunduki ya miaka 140 inanitia mashaka kuliko kunifurahisha. Kama ina nusu-koki (nyundo inanasa katikati ya njia), iweke hapo uvute triga kwa nguvu, isiachie.

Sasa geuza macho kwenye uso wa bloki, ule upande unaogusa kitako cha risasi. Katikati kuna kitundu cha pini ya kupigia. Kitundu kiwe duara safi kama kimechorwa na bikari. Fataki za zamani zilikuwa na chumvi zinazokula chuma, kwa hiyo bunduki iliyopigwa sana na kutosafishwa utakuta uso wa bloki una vishimo kuzunguka kitundu kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Vishimo vichache mbali na kitundu ni uzee. Kitundu kilichotanuka ni hatari ya kweli kwa sababu fataki inatoboka na gesi inarudi nyuma kwenye jicho lako la kulia, ndo maana hizi hazipigwi bila miwani. Bonyeza pini kutoka nyuma kwa kijiti, itokeze mbele, uachie, irudi. Pini iliyoganda ikiwa imetokeza ndo mbaya kuliko zote, maana unafunga bloki juu ya risasi nzima na pini inagonga fataki kabla wewe hujawa tayari.

Mtutu sasa. Bloki wazi, elekeza mtutu dirishani, chungulia kutoka nyuma, halafu kwa mbele. Kabla hujachungulia pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa mara tatu nne. Kitambaa cha kwanza kikitoka na rangi ya kahawa ya kuchemsha ni kawaida, kikitoka na vipande vinavyokwaruza vidole kuna kutu iliyo hai. Na nusa. Masalia ya baruti nyeusi yakikutana na unyevu yananuka mayai viza, na kwa ubaridi wetu wa Juni na Julai pale mlimani bunduki iliyowekwa bila kusafishwa inalika usiku kwa usiku. Mifereji ya ndani uione inavyozunguka toka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa na giza lakini kingo zake bado kali, itapiga. Inang'aa lakini kingo zimelala, mtu ameisugua kwa kiwaya akidhani anaisaidia.

Unachotafuta hasa ni pete ya kivuli. Ukizungusha bunduki taratibu na kuona duara jeusi limekaa mahali pamoja, hapo mtutu umevimba, iliwahi kupigwa ikiwa imeziba. Pitisha vidole kwa nje sehemu hiyohiyo, wakati mwingine unahisi kanundu. Mtutu uliovimba ni chuma chakavu, hamna cha kupunguziwa bei.

Mbao ziangalie nyuma ya ulimi wa juu, pale mkono unaposhika. Ufa mdogo unaziba, ufa unaozunguka ni mbao mpya. Gonga kitako na kidole, kikilia kama ngoma tupu mchwa wamekula. Skrubu zilizotafunwa vichwa zinakuambia waliopita hapo walikuwa na bisibisi ya aina gani, na mbao zilizopakwa vanishi mpya inayong'aa kama jeneza huwa zinaficha kitu.

Karabini ya kweli au iliyokatwa

Hapa ndo hela inapopotelea. Karabini ya jeshi mtutu wake ni inchi 20 na kidogo, bunduki ndefu inafika kama inchi 35. Bunduki ndefu nyingi ziliharibika mdomo, mtu akachukua msumeno akakata, akaziita karabini. Hazitakudhuru kwa kukatwa tu, lakini si bei moja.

Angalia saiti ya mbele, iliyokatwa huwa imechomelewa upya na imeelea kidogo au imepinda. Angalia ukingo wa mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia, wa kiwandani umelainishwa sawa pande zote, wa msumeno una upande mmoja mnene. Angalia chini ya mtutu kwenye mbao, kama kuna mfereji wa kuweka fimbo ya kusafishia halafu mfereji unaishia hewani, hiyo ilikuwa ndefu. Karabini nyingi za wapanda farasi zina pete au fito ya chuma upande wa kushoto ya kuning'inizia begani. Na zile za majeshi ya Skandinavia zilikuwa na tabia ya kupigwa namba kwenye vipande vingi, bloki, nyundo, mtutu, zikilingana shukuru, zikitofautiana maana yake vimekusanywa kutoka bunduki tofauti na hapo rudia lile jaribio la kwanza la nyundo mara tano.

Bei na mazungumzo

Sina bei ya kuwapa kwa sababu soko lenyewe ni watu wachache mno. Nina kanuni yangu: bunduki isiyo na risasi madukani thamani yake ni ya pambo, hata kama ni nzuri kama bibi harusi, na gharama ya leseni, kabati, na mafundi ni ileile kama ungenunua inayopiga. Ukiongea na mzee usianze na kasoro. Kunywa chai yake, msikilize habari za mwajiri wake na simba wa mwaka huo, halafu mwambie ukweli, "Mzee, risasi zake hazipatikani, mimi naweza hii tu." Wazee wa huku wanaujua ukweli ukisemwa kwa adabu. Wauzaji vijana anza na kasoro, wanakuheshimu zaidi.

Risasi ya kwanza

Leseni imetoka, bunduki imehamia kwako, fundi kapima. Usiweke bega siku ya kwanza. Nenda mahali panaporuhusiwa kupiga, waulize polisi wako wilayani ni wapi, sio shambani kwa shemeji. Ifunge kwenye tairi kuukuu la gari lililojazwa mchanga, weka risasi moja ya nguvu ndogo kabisa iliyopo, funga kamba kwenye triga, nenda nyuma ya kitu kigumu mita kumi, vuta. Piga tatu hivyo.

Halafu okota maganda na uyatazame kwenye mwanga kabla hujaangalia kitu kingine chochote. Fataki iwe na kibonyeo kidogo cha mviringo katikati. Ikiwa imetoboka, au imechomoza nyuma kuliko kitako cha ganda, simama hapo. Pitisha ukucha kuzunguka ganda karibu na kitako, ukihisi mstari kama wa kuchanjwa na wembe, hedspesi imelegea na risasi ya nne au ya kumi ganda litakatika. Jamaa yangu wa Ngaramtoni alihisi huo mstari kwenye ganda la pili, akarudisha bunduki kwa fundi siku hiyohiyo na bado inasubiri pini mpya, kila Jumamosi anaenda kuitazama kama mtu anayemtembelea mgonjwa.